Baba alichora Mustang gani? Namna ya kufuata kazi ya mzazi aliyekuwa dizaina Detroit

Nimeletewa swali na dada mmoja aliyezaliwa Moshi, sasa anaishi Dar. Baba yake alikuwa Mmarekani, alikuja Tanzania miaka ya themanini kufundisha uchoraji wa kiufundi, akaoa huko huko Kilimanjaro akabaki, akafariki 2019. Kabla ya hapo alifanya kazi Detroit kwenye kampuni ya magari lakini nyumbani hakuwa msemaji. Ameacha sanduku la bati, ndani kuna mchoro wa penseli za rangi wa uso wa gari wenye taa nne na farasi ambaye hayuko katikati, pembeni herufi mbili za jina lake na 10-12-66, kuna picha ya wanaume wanne wamesimama na gari ambalo taa zake za kushoto hazifanani na za kulia, na kuna kinembo cha farasi ambacho nyuma kina C9ZB-8 halafu namba zilizobaki zimelika. Anasema: "Kaka yangu anamwambia kila mtu baba ndiye aliyechora Mustang. Mimi nimegugo jina la baba wiki nzima sioni kitu, na mjomba anasema hiyo picha ni feki. Naanzia wapi, na nitajuaje ukweli?" Halafu akaongeza kitu kimoja kama cha kupita tu, kwamba baba yake alikuwa akisimulia habari za mwenzake wa kazini, mtu mweusi, aliyetaka kutengeneza gari la plastiki kwa ajili ya Afrika.

Dada yangu, kwanza pole sana kwa mzee, najua miaka imepita ila ukifungua sanduku la namna hiyo msiba unaanza upya. Mimi niko Dearborn hapa Michigan mwaka wa ishirini na kitu sasa, kazi yangu ni kuwatafutia familia na wenye magari ya zamani makaratasi ya magari, na nakwambia kutoka moyoni ni watu wachache wanaoanza na vitu vitatu vizuri kama ulivyonavyo wewe. Wengi wanakuja na stori tu ya mezani.

Nianze na hicho kinembo maana ndicho kinasema haraka. Mustang ni gari la Ford na farasi ndiye nembo yake, na Ford walikuwa na mpangilio wa namba za vipuri ambao ukishaujua unausoma kama plet namba. Herufi ya kwanza ni muongo, C ni miaka ya sitini, D ni ya sabini. Tarakimu inayofuata ni mwaka, kwa hiyo C9 ni 1969. Herufi ya tatu ni gari lenyewe, na Z ni Mustang. Ya nne ni idara, B ni watu wa bodi. Halafu namba zinazoanza na 8 ni familia ya rejeta na shoo ya mbele, yaani grili, 8200 kwa mfano ni shoo yenyewe. Yani kabla hatujafungua kitabu chochote tunajua umeshika kitu cha mbele cha Mustang ya 1969. Na ndio maana ukiigugo namba hiyo kwa kuchanganya na General Motors au Chrysler hupati kitu, wale namba zao za wakati ule ni tarakimu saba kavu, ukiziangalia kwa macho hazikwambii chochote mpaka upate katalogi.

Ila sikiliza hapa, na umwambie kaka pia kwa upole. Kinembo kinatuambia GARI, hakituambii MKONO. Kipuri kile kile chenye namba ile ile kiliuzwa dukani, mtu yeyote angeweza kukinunua. Mkono tunautafuta kwenye mchoro.

Sasa mchoro. Unasema taa nne, mbili za ndani ziko kwenye shoo na mbili za nje zimezama kwenye ncha za fenda, na farasi hayuko katikati. Aisee niliposoma hapo nilisimama. Mustang ya 1969 ndiyo ile ya taa nne, 1970 wakarudi kwenye mbili, na mwaka ule ule wa 1969 ndio wakaitoa ile fremu iliyokuwa inamzunguka farasi katikati ya shoo, farasi mwenyewe akasogezwa pembeni upande wa dereva, ambao kwa Marekani ni kushoto. Angalia kama kwenye mchoro wa baba kasogea upande huo huo. Kama ndiyo, basi aliyechora alikuwa ndani ya chumba ambamo wazo hilo lilikuwa linapikwa, maana mtu wa nje 1966 asingelijua.

Tarehe nayo isikuchanganye, 10-12-66 wewe utaisoma kitanzania tarehe 10 Desemba lakini Mmarekani anaanza na mwezi, ni tarehe 12 Oktoba 1966. Inaonekana kitu kidogo ila nimeona watu wanakosa faili zima kwa sababu wameomba mwezi mwingine. Na usishangae kwamba mchoro ni wa 1966 na gari ni la 1969. Haya magari yalichukua miaka miwili mitatu toka penseli mpaka dukani, na "modeli ya 1969" yenyewe ilianza kuuzwa nusu ya pili ya 1968. Kwa hiyo Oktoba 1966 inakaa pazuri kabisa. Tena inatusaidia kuondoa watu: ukisoma mtandaoni utakuta jina la Larry Shinoda kwenye kila habari ya Mustang ya 1969, na kweli ile Mustang ya Boss 302 yenye mistari, spoila na vile vibao vya kioo cha nyuma ni kazi yake, ila Shinoda alitoka General Motors kuja Ford 1968 akimfuata bosi wake Bunkie Knudsen, wakati umbo la gari limeshakwisha kuamuliwa. Mchoro wa baba yako umemtangulia. Kwa hiyo usimtafute kwenye stori za Shinoda, mtafute kwa watu waliokuwepo kabla yake.

Na picha, mwambie mjomba hiyo picha si feki, tena hizo taa zisizofanana ndizo zinanifanya niiamini. Lile sio gari, ni udongo. Studio za Detroit zilikuwa zinajenga fremu ya mbao, juu yake povu, juu yake udongo wa kahawia unaopashwa moto kwenye oveni mpaka ulainike, unabandikwa kwa mkono, unachongwa kwa vyuma na violezo mpaka unapata gari zima la ukubwa wa kweli. Na kwa kuwa kujenga moja ni gharama na siku nyingi, walikuwa wanaweka wazo moja upande wa kushoto na wazo lingine upande wa kulia, mabosi wanazunguka wanaangalia wanachagua. Halafu ili lisionekane tope wanalivalisha plastiki nyembamba ya rangi inayoitwa Di-Noc, wanaivuta mpaka inanasa kama ngozi. Chukua kioo cha kukuzia uangalie kwenye kona za bampa na chini ya taa, mara nyingi unaona vikunjo vidogo vya hiyo plastiki, na vioo vya madirisha havionyeshi ndani maana ndani hakuna kitu, hakuna siti wala usukani. Angalia pia nyuma yao kama kuna ukuta wa jengo na sakafu ya wazi ya nje, Ford Dearborn walikuwa na uwanja wa ndani ya jengo la dizaini ambako walitoa modeli nje kuziangalia kwenye mwanga wa jua. Halafu igeuze picha. Nyuma inaweza kuwa na muhuri wa idara ya picha na namba ya negativu, na hiyo namba kwangu ina thamani kuliko sura zote nne zilizoko mbele.

Sasa yule mtu mweusi wa gari la plastiki. Dada, huyo ni McKinley Thompson Jr., hakuna mwingine. Ndiye dizaina wa kwanza Mmarekani mweusi kuajiriwa Ford, aliingia 1956, akatoka kwa kustaafu 1984, na michoro yake ya 1963 ni kati ya ile ya mwanzo kabisa iliyozaa Ford Bronco. Alikuwa na ndoto ya gari jepesi lenye bodi ya plastiki ambalo nchi za Afrika zingeweza kulitengeneza zenyewe, likaajiri watu huko huko, Ford hawakuendelea nalo, akalijenga moja kwa muda wake na hela zake akaliita Warrior, na lile gari la 1974 liko mpaka leo kwenye makumbusho ya The Henry Ford hapa Dearborn. Mimi nikipita pale husimama. Sisi tuliokulia Tanga na Moshi tukisukuma magari ya kutengenezea kwenye vumbi, kumbe kuna mtu Detroit alikuwa anakesha akituwaza. Kwa hiyo hiyo stori ya baba uliyoiandika kama ya kupita ni ushahidi wa tatu, inamweka baba kwenye jengo lile lile. Siwezi kukwambia ndiyo iliyomleta Tanzania, hilo hatulijui, ila iandike kama alivyoisimulia, neno kwa neno, na mwaka uliosikia.

Turudi kwa kaka. "Baba ndiye aliyechora Mustang." Hii sentensi naisikia kila mwezi, ikibadilishwa tu jina la gari, na sio uongo wa makusudi, ni kwamba nyumbani watu hawajui gari linavyochorwa. Hakuna mtu mmoja. Kuna anayechora umbo la ubavu, kuna wa taa, kuna wa shoo, kuna wa dashibodi, kuna aliyekaa miezi minane kwenye kifuniko cha rimu tu, kuna wanaobandika utepe mweusi kwenye karatasi kubwa ukutani kuchora mstari wa gari kwa ukubwa wake, kuna wachongaji wa udongo ambao wengine walikuwa na jicho kuliko madizaina wenyewe na majina yao hayako popote. Hata Mustang ya kwanza, ile iliyotoka tarehe 17 Aprili 1964, wiki ile uso wa Lee Iacocca, mmoja wa mabosi wa Ford, ulikuwa kwenye jalada la majarida ya Time na Newsweek kwa pamoja, lakini mchoro uliochaguliwa ulikuwa wa Gale Halderman, kijana wa studio ya Joe Oros, aliyechora usiku nyumbani kwake baada ya kushinda siku nzima kwenye gari lingine. Watu wa kawaida wamekuja kulijua jina la Halderman miaka mingi baadaye. Sasa kama mwenye mchoro WENYEWE alisubiri hivyo, baba yako ambaye pengine alikuwa na miaka 25 kwenye meza ya kona, kutomuona gugo haina maana hakuwepo.

Kwa hiyo swali lako mimi ningeligeuza. Usiulize "alichora gari gani", uliza "alikaa studio gani, mwezi gani mpaka mwezi gani, na kipande gani cha gari kilipita mezani kwake". Hilo linajibika.

La kwanza kulifanya ni kuomba serikalini historia yake ya ajira. Mamlaka ya hifadhi ya jamii ya Marekani ina fomu inaitwa SSA-7050, unaomba mapato ya mtu kwa mchanganuo, inakuletea mwajiri kwa jina na anwani mwaka kwa mwaka. Kwa marehemu unaambatanisha cheti cha kifo na uthibitisho kwamba wewe ni mtoto wake, kuna ada, na inachukua muda, hivyo itume mapema halafu endelea na mengine. Ila ujue kitu kimoja, siku zile vijana wengi waliingia studio kupitia makampuni ya kukodisha mafundi, kwa hiyo ukiona 1965 au 1966 jina la kampuni usiyoijua usikate tamaa ukadhani baba alidanganya, alikuwa kakaa Ford analipwa na mwingine.

Halafu hataza, yaani patent. Makampuni yalikuwa yanasajili sio gari tu, hata kifuniko cha rimu, hata taa ya nyuma, hata shoo, kila kimoja na hataza yake ya umbo, na sheria inataka jina la mtu aliyebuni, sio la kampuni peke yake. Namba zake zinatanguliwa na Des. Ubaya ni kwamba kwenye mfumo wa ofisi ya hataza yenyewe zile za kabla ya 1976 ni ngumu kuzitafuta kwa jina. Google Patents inajaribu kwa jina lakini mashine imesoma karatasi chakavu, r na n inakuwa m, hivyo tafuta jina la ukoo kwa makosa yake yote unayoweza kufikiria. Mimi nikishindwa huwa narudi kwenye vitabu vya faharasa vya kila mwaka vya hataza, majina yamepangwa kwa alfabeti, vimeskaniwa viko HathiTrust, maktaba ya mtandaoni, unafungua wa 1967 mpaka 1970 unatembeza kidole. Inachosha macho ila ni njia ya uhakika. Usipomkuta usilie, mara nyingi jina linalowekwa ni la mkubwa wa studio.

Kisha maktaba. Hapa watu wengi wanapotea kwa sababu kuna Ford mbili. The Henry Ford ni makumbusho yanayojitegemea, ndani yake kuna Benson Ford Research Center, na kampuni ya Ford ina nyaraka zake nyingine kabisa. Ukiuliza mlango mmoja ukaambiwa hakuna, bado hujauliza mwingine. Kampuni ilifungua Ford Heritage Vault mtandaoni 2022, bure, kuna picha na vipeperushi vya toka 1903 mpaka 2003, anza nayo hata leo usiku kwa simu yako uzoee macho, ulinganishe uso wa 1969 na mchoro wa baba. Ila dhahabu kwa maoni yangu iko Benson Ford, kuna mahojiano marefu waliyofanyiwa wazee wa dizaini miaka ya themanini, Joe Oros yumo, David Ash yumo, Gene Bordinat aliyekuwa mkuu wa dizaini Ford toka 1961 mpaka 1980 naye yumo, na yameandikwa neno kwa neno, mengine yanasomeka mtandaoni. Hawa wazee wakianza kukumbuka wanataja vijana wao. Nilishawahi kumtafutia familia moja baba yao kwa miezi, hataza hakuna, gazeti hakuna, nikamkuta kwenye mahojiano ya mtu mwingine kabisa, mstari mmoja, anasifiwa kwa taa ya nyuma. Binti yake alinipigia akawa hawezi kuongea. Kuna pia mkusanyo wa historia ya magari wa Detroit Public Library, huo ni mzuri kwa magazeti ya ndani ya makampuni, yale ya "fulani amepandishwa cheo, fulani kapata mtoto". Na kama baba alisomea dizaini, uliza shule, wengi walitoka Art Center ya California, Pratt ya Brooklyn au Cleveland, shule zinatunza habari za wahitimu.

Michoro yake mingine usitegemee kuikuta. Makampuni yalikuwa yanachana na kuchoma michoro kwa utaratibu, kwa hofu ya wapinzani na kwa sababu ya nafasi, na kisheria ilikuwa mali ya kampuni. Iliyopona ni ile watu waliyoitoa kwa siri, chini ya makoti, kwenye mabegi yenye sakafu mbili. Ndio maana pengine mzee alikuwa kimya. Leo hakuna aibu tena, 2020 Detroit Institute of Arts ilifanya maonyesho makubwa ya dizaini ya magari ya Detroit na michoro ikatundikwa ukutani kama ya wasanii wengine wowote.

Kwa hiyo huo mchoro mmoja utunze kama cheti cha kuzaliwa. Utoe kwenye sanduku la bati leo, Dar ina joto na unyevu, bati linatoa jasho na kutu inahamia kwenye karatasi. Usiufanyie lamineshen, tafadhali, nakuomba, hilo haliponyeki. Usiubandike selotepu, usiukunje, usiutundike penye jua maana rangi inapauka. Ulaze bapa kati ya karatasi nyeupe safi zisizo na asidi, kwenye bahasha kubwa ya karatasi, kabatini juu mbali na mende. Kabla ya hapo upige picha dirishani asubuhi, mwanga wa ubavuni, mbele na nyuma, na kona yenye herufi uipige peke yake kwa karibu. Na mtu akija inbox kutaka kununua kwa "bei nzuri", mwambie asubiri mpaka tumalize, mchoro usio na jina ni rahisi, ukishapata jina na gari lake ni kitu kingine.

Umeandika kwamba mama bado yupo Moshi. Mpigie wiki hii, weka simu irekodi, na kabla ya mambo mengine muulize baba kazini walimwita nani. Sio jina la pasipoti, jina la utani, maana wale wazee kwenye mahojiano wanasema Red, wanasema Buzz, na mtu anaweza kutajwa mara tano usimjue. Muulize pia kama aliwahi kumwambia alikuwa anachora mbele ya gari au ndani. Nitumie hilo jina na nyuma ya ile picha, nina siku ya kukaa chumba cha kusomea pale Benson Ford mwezi ujao, nitaanza na Oktoba 1966.